Visawe vya Kiingereza kwa neno lenye maana zaidi ya moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa wanafunzi, wafasiri na watu wanaoandika Kiingereza kazini. Maneno ya Kiingereza yameandikwa kwa italiki. Jibu likitegemea jingine, nimetaja namba ya swali husika badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Kisawe ni nini hasa?

Ni neno linaloweza kushika nafasi ya neno jingine katika sentensi fulani bila kuvuruga kinachosemwa. Uzito uko kwenye hayo maneno "katika sentensi fulani". Wengi tulikaririshwa kwamba *big* ni sawa na *large*, tukaamini usawa huo unakwenda na maneno hayo popote yaendapo. Lakini dada yako mkubwa ni *big sister*. Ukimwita *large sister* umesema kwamba ana mwili mkubwa, na huenda akanuna. *Big* hapo ina maana ya kuzaliwa mbele, na maana hiyo *large* haina.

Kwa hiyo kisawe hufuata maana, hakifuati neno. Neno lenye maana tano lina makundi matano ya visawe, na mara nyingi makundi hayo hayachangii hata neno moja. Ukishalishika hili, sehemu kubwa ya tatizo imekwisha.

2. Kwa nini maneno ya Kiingereza yana maana nyingi kiasi hiki?

Kila lugha ina maneno ya aina hii, na kwa kawaida ni yale mafupi yanayotumika kutwa kucha. Kwa Kiingereza, mfano unaotajwa sana ni *set*: toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka mwaka 1989, liliorodhesha maana 430 za neno hilo.

Maana huongezeka kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni tamathali: *mouth* ni kinywa, kisha ikawa mahali mto unapoingia baharini. Ya pili ni kitu kipya kupewa jina la zamani, kama *mouse*, panya aliyegeuka kuwa kifaa cha kompyuta. Ya tatu ni maneno mawili yasiyo na undugu kujikuta na umbo moja baada ya karne nyingi za mabadiliko ya sauti na tahajia. Njia mbili za kwanza huzaa kile ambacho mwanaisimu Mfaransa Michel Bréal alikiita polisemia mwaka 1897. Ya tatu huzaa homonimia.

3. Je, tofauti ya polisemia na homonimia inanihusu mimi ninayetafuta kisawe tu?

Inakuhusu kwa sababu moja ya kivitendo: inaamua mahali pa kutazama kwenye kamusi. Maana za polisemia hukaa chini ya kidahizo kimoja, yaani neno moja linaloorodheshwa na kufafanuliwa kwenye kamusi, zimepangwa 1, 2, 3. Homonimu hupewa vidahizo tofauti, mara nyingi vikiwa na kinamba kidogo pembeni. *Bat* mnyama arukaye usiku na *bat* gongo la kriketi ni vidahizo viwili. Msomaji mwenye haraka husoma cha kwanza, hakioni anachokitaka, akafunga kamusi.

Zaidi ya hapo, tofauti hiyo waachie wataalamu. Kuchagua kisawe ni kazi ileile iwe maana hizo ni ndugu au si ndugu.

4. Neno lenye maana zaidi ya moja huitwaje kwa Kiingereza?

Swali hili huulizwa sana, na jibu lake linategemea unazungumzia maana nyingi za namna gani. Kama maana hizo zina uhusiano, sema *polysemous word* au *polyseme*. Kama ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati, ni *homonym*. Yakifanana kwa maandishi lakini matamshi yakatofautiana, kama *lead* ya kuongoza na *lead* ya risasi, ile metali, ni *homograph*. Yakifanana kwa sauti tu, kama *sea* na *see*, ni *homophone*.

Kwa msomaji wa kawaida, *a word with several meanings* inatosha kabisa, na mara nyingi ndiyo bora. *Ambiguous* litumie pale tu ambapo msomaji hawezi kujua maana ipi imekusudiwa. Neno linaweza kuwa na maana kumi na sentensi isiwe na utata hata kidogo. *Equivocal* lina harufu ya mtu anayekwepa kusema wazi kwa makusudi, basi usilitumie kwa neno lisilo na hatia.

## Kutambua maana na kuchagua kisawe

5. Nitajuaje ni maana ipi iliyokusudiwa kwenye sentensi yangu?

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kutafuta kinyume kwanza. Chukua *hard*. Kinyume cha *a hard chair* ni *soft*. Kinyume cha *a hard question* ni *easy*. Kinyume cha *a hard worker* ni *lazy*. Kinyume cha *a hard winter* ni *mild*. Vinyume vinne vimekuonyesha maana nne, na kila moja ina visawe vyake: *firm* au *solid* kwa kiti, *difficult* au *tough* kwa swali, *diligent* kwa mfanyakazi, *harsh* au *severe* kwa majira ya baridi. Kinyume huja kichwani haraka kuliko kisawe, tena hakidanganyi sana.

Njia ya pili ni aina ya neno. *Present* ikiwa nomino inaweza kuwa zawadi, yaani *gift*, au wakati huu tulio nao. Ikiwa kivumishi ni *current* au ni mtu aliyehudhuria. Ikiwa kitenzi ni kutoa, kutambulisha au kuonyesha, na mkazo wa sauti huhamia silabi ya pili. Jiulize kwanza: hapa neno linafanya kazi gani? Swali hilo peke yake huondoa nusu ya orodha.

Njia ya tatu ni kuangalia majirani. *Fine* karibu na *weather* si *fine* karibu na *thread*, wala si *fine* anayotozwa dereva aliyevunja sheria. Ya kwanza ni *clear*, ya pili ni *thin* au *delicate*, ya tatu ni *penalty*.

6. Naomba mfano mmoja uliochambuliwa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue *fair*, kwa sababu watu wengi wanajua maana yake moja tu, ile ya haki.

*The judge made a fair decision.* Uamuzi wa haki, usiopendelea upande. Visawe: *just*, *impartial*, *even-handed*. Neno *equitable* nalo linafaa, ila linakaa vizuri zaidi kwenye mgawanyo wa mali au majukumu kuliko kwenye tabia ya mtu. Hata ndani ya maana moja kuna vyumba. *Impartial* inamhusu anayeamua: hana upande. *Just* inahusu matokeo: kila mmoja amepata stahiki yake. Mwamuzi anaweza kuwa *impartial* na bado akatoa uamuzi ambao si *just*, kwa kuwa ushahidi ulimpotosha.

*She has fair hair.* Nywele za rangi hafifu, zenye kuelekea dhahabu. Visawe: *blonde*, *light*. Kwa ngozi husemwa *light*. *Pale* pia ipo, lakini jihadhari, maana *pale* mara nyingi humaanisha mtu aliyepauka kwa ugonjwa au hofu.

*We expect fair weather.* Anga safi, bila mvua wala dhoruba. Visawe: *fine*, *clear*. Kinyume chake cha jadi ni *foul*.

*He has a fair amount of money.* Fedha si haba. Visawe: *considerable*, *reasonable*.

*Her spelling is fair.* Hapa ndipo watu wanapojikwaa. Mwanafunzi huona *fair* kwenye ripoti akafurahi. Maana yake ni wastani: si mbaya, si nzuri. Visawe: *average*, *passable*. Katika mfululizo unaotumika sana wa *excellent, good, fair, poor*, iko ya tatu.

*They met at a book fair.* Maonyesho. Hii ni nomino, na kihistoria ni neno jingine kabisa, lililoingia kupitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini *feria*, wakati *fair* nyingine zote zimetoka kwenye neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha kupendeza. Visawe: *exhibition* kwa maonyesho ya bidhaa au vitabu, *carnival* kwa yale ya michezo na burudani.

Sasa jaribu kuchukua *impartial* uitie kwenye nywele, au *blonde* uitie kwenye uamuzi wa hakimu. Ni neno lilelile *fair*, lakini hakuna kisawe kinachoweza kuvuka kutoka sentensi moja kwenda nyingine.

7. Kamusi ya visawe imenipa maneno ishirini. Nianze wapi?

Anza kwa kuyapuuza yote mpaka uwe umejibu swali la 5. Kisha tafuta kundi la maana yako. Kamusi nzuri hutenga makundi kwa namba au kwa neno kuu, kisha huorodhesha visawe chini yake. Ndani ya kundi hilo, chukua neno unalolijua tayari. Usilolijua lisome kwanza kwenye kamusi ya kawaida yenye mifano ya sentensi, kwa sababu kamusi ya visawe hukumbusha, haifundishi. Imeandikwa kwa mtu ambaye neno liko kwenye ncha ya ulimi.

8. Nilitoa neno kwenye kamusi ya visawe, maana ni ileile, na bado mhariri amelikata. Kwa nini?

Mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili.

Huenda neno halina mazoea na jirani yake. Mvua kubwa ni *heavy rain*. *Weighty* ni kisawe cha *heavy*, lakini *weighty rain* hakuna. *Weighty* linakubali *decision* na *matter*. Chai iliyokolea ni *strong tea*, wala haiwi *powerful tea*, ingawa injini inaweza kuwa *powerful*. Upepo ni *strong*, mwendo ni *high*, msongamano wa magari ni *heavy*. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alishikilia katika miaka ya 1950 kwamba neno hujulikana kwa maneno linayoandamana nayo, na mtu anayejifunza Kiingereza huuona ukweli huo kila siku. Hakuna kanuni ya kukariri hapa. Unasoma, unasikiliza, mazoea yanajengeka.

Au huenda neno linataka sarufi nyingine. *Advise* na *suggest* hukaribiana, lakini ni sahihi kusema *he advised me to go*, na si sahihi kusema *he suggested me to go*. Inabidi iwe *he suggested that I go*. *Talk about* ni kuzungumzia, na *discuss* pia, ila *discuss* haitaki *about*. *Allow me to go* inahitaji *to*, *let me go* haiihitaji. Mtoto aliyeogopa ni *a frightened child*, lakini huwezi kusema *an afraid child*, kwa kuwa *afraid* haikai mbele ya nomino. Ukibadilisha neno, kagua sentensi nzima.

9. Je, kuna visawe vinavyofanana asilimia mia?

Ni vichache mno, na vingi ni majina ya vitu, kama mmea wenye miiba uitwao *gorse* ambao pia huitwa *furze*. Nje ya hapo, hata jozi zinazoonekana pacha huachana mahali fulani. *Almost* na *nearly* zote ni "karibu". Unaweza kusema *almost nobody came*, lakini *nearly nobody came* haikubaliki. Kwa upande wa pili, *very nearly* ipo na *very almost* haipo. *Begin* na *start* vivyo hivyo: mkutano unaweza kupokea yoyote kati ya hizo, injini ya gari hupokea *start* tu.

## Kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza

10. Mbona neno moja la Kiswahili linanilazimisha kutafuta maneno kumi ya Kiingereza?

Kwa sababu maana nyingi ziko upande wetu pia, ila sisi hatuzioni. Mzawa wa lugha hahesabu maana anazozitumia. Kivumishi *-kali* kinaonyesha hili vizuri kuliko kingine chochote ninachokijua.

Kisu kikali ni *sharp*. Mwalimu mkali ni *strict*. Mbwa mkali ni *fierce*. Pilipili kali ni *hot*. Limau kali ni *sour*. Harufu kali ni *strong* au *pungent*. Jua kali ni *scorching* au *blazing*. Baridi kali ni *bitter cold*. Upepo mkali ni *strong*. Maneno makali ni *harsh*. Adhabu kali ni *severe*. Maumivu makali ni *severe* au *acute*. Ushindani mkali ni *fierce* au *stiff*. Na kijana akisema wimbo huu ni mkali, anamaanisha *brilliant*.

Tazama jinsi mipaka isivyolingana. *Sharp* inatoka kwenye kisu, ikafika kwenye maumivu ya kuchoma na hata kwenye maneno, lakini haimfikii mbwa. *Fierce* inamchukua mbwa, ushindani na jua, ila haigusi limau. *Strict* imebaki kwa watu, kanuni na masharti. Ndiyo maana kukariri kwamba "*-kali* ni *sharp*" kunamwumiza mwanafunzi: siku atakapoandika *a sharp teacher*, msomaji ataelewa mwalimu mwenye akili nyepesi, na ukali wake utakuwa umepotea njiani.

Ushauri wangu ni kwamba usijifunze *-kali* peke yake. Jifunze jozi: kisu kikali, adhabu kali, harufu kali.

11. Vipi kuhusu vitenzi kama *piga* na *funga*?

Kwa *piga*, iangalie nomino. Piga simu, piga picha, piga kura, piga pasi, piga hodi: kitenzi chenyewe kimebakiwa na kazi ndogo, mzigo wa maana umebebwa na neno linalofuata. Kiingereza nacho hufanya hivyo kwa vitenzi vingine: *make a call*, *take a photo*. Au hutumia kitenzi kimoja kamili: *vote*, *iron*, *knock*. Ukianza kutafuta visawe vya *hit*, umeshapotea.

*Funga* ni tofauti, kwa sababu hubaki na maana zake yenyewe. Kufunga mlango ni *close* au *shut*. Kufunga mzigo ni *tie up*. Kufunga mtu ni *imprison* au *jail*. Kufunga goli ni *score*. Kufunga saumu ni *fast*, neno ambalo lenyewe kwa Kiingereza ni pia kasi, na pia kushikamana imara kama katika *hold fast*. Kufunga ndoa ni *get married*. Kufunga safari ni *set out*. Kufunga duka jioni ni *close*. Kulifunga moja kwa moja ni *close down*, na kile kijineno *down* ndicho kinachobeba habari yote ya hasara. Kuhusu vijineno hivyo, tazama swali la 18.

## Daraja na rangi ya neno

12. *Ask*, *question*, *interrogate*: zote ni kuuliza. Nitumie ipi?

Sababu ya utatu huu ni historia. Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na mahakama, huku Kilatini kikitawala kanisani na kwenye elimu. Kiingereza hakikufa. Kilimeza maneno ya pande zote, na mara nyingi kikabaki na matatu kwa jambo moja: la wenyeji, la Kifaransa na la Kilatini. *Kingly, royal, regal. Holy, sacred, consecrated. Rise, mount, ascend.*

Kwa kawaida neno la wenyeji ni la karibu na la moyoni, la Kifaransa ni rasmi kidogo, la Kilatini ni la kitaalamu au la mamlaka. Rafiki *asks*. Wakili *questions*. Askari kwenye chumba cha mahojiano *interrogates*. Ukiandika kwamba mama yako *interrogated* wageni kuhusu safari yao, umempa sura ya mpelelezi.

Ukiwa na shaka, chukua neno fupi la wenyeji. Barua iliyoandikwa kwa *help*, *buy* na *start* husomeka vizuri kuliko iliyojaa *facilitate*, *purchase* na *commence*.

13. Nawezaje kuepuka kumtukana mtu kwa kisawe?

Panga maneno kuanzia la sifa hadi la dharau kabla hujachagua. Kwa mtu mwembamba: *slender* na *slim* ni sifa, *lean* ni mwembamba mwenye misuli, *thin* iko katikati na huweza kuegemea upande mbaya, *skinny* ni kumkosoa, *scrawny* ni kumdharau, *gaunt* ni aliyekondeana kwa njaa au maradhi. Vivyo hivyo *childlike* ni kuwa na usafi wa moyo wa mtoto, *childish* ni kuwa na utoto usiofaa. *Famous* ni kujulikana kwa wema au kwa lolote lile, *notorious* ni kujulikana kwa ubaya. Kamusi nyingi za visawe huyaweka maneno haya bega kwa bega bila onyo lolote, na nadhani hilo ndilo kosa lao kubwa.

14. Je, Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani hutofautiana katika visawe?

Ndiyo, na maneno yenye maana nyingi ndiyo yanayoumiza zaidi. *Mad* kwa Mwingereza ni zaidi mwenye wazimu. Kwa Mmarekani mara nyingi ni mwenye hasira. *Pants* Marekani ni suruali, Uingereza ni chupi. *Homely* Uingereza ni nyumba yenye starehe na ukarimu. Marekani, ukimwambia mtu hivyo, umemwambia hana sura ya kuvutia. Kwenye mikutano, *to table a motion* Uingereza ni kuileta hoja ijadiliwe, na Marekani ni kuiweka kando. Unapoandikia watu wa pande zote mbili, andika *put forward* au *postpone*, na utata utaondoka.

## Zana

15. Kamusi ya visawe ilianzaje, na inasaidiaje kwa neno lenye maana nyingi?

Ile iliyoipa aina hii ya kamusi umbo lake ilitungwa na daktari wa London, Peter Mark Roget, aliyezaliwa mwaka 1779. Aliandaa rasimu ya kwanza mwaka 1805 kwa matumizi yake mwenyewe, na akaichapisha mwaka 1852. Hakupanga maneno kwa alfabeti. Aliyapanga kwa mawazo, chini ya vichwa 1000, kisha akaweka faharasa mwishoni. Ukitafuta neno lenye maana nyingi kwenye faharasa ya aina hiyo, unaelekezwa mahali tofauti kwa kila maana, hivyo unalazimika kuchagua maana kabla hujaona kisawe hata kimoja. Naona huo ni mpangilio bora kuliko orodha za alfabeti zilizokuja baadaye.

Wazo hilohilo liko kwenye WordNet, hazinadata ya Chuo Kikuu cha Princeton iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1980 chini ya mwanasaikolojia George Miller. Humo kipimo ni kundi la maneno yenye maana moja, na neno lenye maana sita linaonekana kwenye makundi sita. Inapatikana bure.

16. Vipi programu inayopendekeza visawe ninapoandika?

Inafaa kwa kukumbusha, kwa sharti lilelile la swali la 7. Zinazokupa orodha fupi mara nyingi hutanguliza maana inayotumika sana, na yako inaweza kuwa ya tatu au ya nne. Zinazosoma sentensi nzima hufanya vizuri zaidi, lakini soma sentensi upya kwa sauti baada ya kukubali pendekezo.

## Kesi ngumu

17. Kuna maneno ambayo maana zake zinapingana?

Yapo, na yanahitaji uangalifu wa pekee kwenye maandishi ya kazi. *Sanction* ni kuruhusu rasmi, na pia ni kuadhibu au kuwekea vikwazo. *Oversight* ni usimamizi, na pia ni jambo lililosahaulika kwa kutoangalia vizuri. *Dust* ni kupangusa vumbi, na pia ni kunyunyiza kitu cha unga. *Cleave* ni kupasua, na pia ni kuambatana.

Hapa kisawe hakiwi pambo, ndicho kinachookoa maana. Ukiandika *the committee's oversight of the project*, msomaji anaweza kudhani kamati ilizembea. Andika *supervision*, au kama kweli ilizembea, *omission*.

18. Nifanyeje na vitenzi vyenye kijineno, kama *take off* na *make up*?

Vihesabu kama neno moja, kisha vitenge maana. *Take off* kwa nguo ni *remove*, kwa ndege ni kupaa, kwa biashara ni kushamiri ghafla. *Make up* ni *invent* kwa hadithi ya uongo, *reconcile* kwa waliogombana, *constitute* kwa sehemu zinazounda kitu kizima. *Put off* ni *postpone* kwa mkutano, *discourage* kwa mtu. Kisawe cha neno moja huwa rasmi zaidi, basi kwenye mazungumzo kiache kile chenye kijineno.

19. Kisawe cha maana ya kawaida kinafaa pia kwenye tamathali?

Wakati mwingine tu, na huwezi kubashiri. *Bright* ni taa inayong'aa na pia mtoto mwenye akili. *Brilliant* inavuka nayo kote kuwili. *Shiny* inabaki kwenye kitu kinachong'aa. *A shiny student* haieleweki. Kwa *cold* ya mtu asiye na ukarimu, *chilly*, *frosty* na *icy* zinavuka, lakini *freezing* haivuki: *he was freezing* ni kwamba alikuwa anatetemeka kwa baridi.

20. Kwenye mtihani, ninawezaje kuepuka mtego wa kisawe?

Jua jinsi mtego unavyotegwa. Mtungaji huchukua neno lenye maana nyingi, kisha huweka kati ya majibu visawe vya maana zake nyingine. *The judge gave him a light sentence*, na majibu ni *bright*, *pale*, *lenient*, *portable*. Yote manne ni visawe halali vya *light* mahali fulani. Hapa *sentence* ni adhabu ya mahakama, na adhabu nyepesi ni *lenient*. Kwa hiyo funika majibu kwa mkono, tamka maana kwa Kiswahili, ndipo ufunue.

21. Kurudia neno lilelile ni kosa?

Kwenye insha na hadithi, marudio yasiyo na sababu huchosha. Kwenye mkataba, maelekezo ya dawa, sheria au ripoti ya kitaalamu, marudio ni wajibu. Ukianza na *tenant* kisha ukaandika *occupant*, msomaji wa sheria ana haki ya kuuliza kama ni watu wawili tofauti. Chagua neno moja, lifafanue mwanzoni, na ulishikilie hadi mwisho.

22. Na mwandishi anapokusudia maana mbili kwa pamoja?

Basi hakuna kisawe. *Grave* ni kaburi na pia ni jambo zito, na mwandishi anayelitumia kwa mtu anayekaribia kufa anataka yote mawili yasikike. *Serious* itaua kaburi, *tomb* itaua uzito. Kwa mfasiri, zilizobaki ni njia mbili: kutafuta mchezo mwingine wa maneno katika Kiswahili wenye athari kama hiyo, au kuchagua maana moja na kuiacha nyingine iende.